Mlango wa Tatu wa Behewa la Wanawake

Mlango uliokatiwa upepo haufunguki. Hilo fundi Shehata alilijua kama mkono unavyoijua njia ya mdomo. Milango ya treni za chini ya ardhi za Kairo husukumwa na upepo uliobanwa ndani ya mabomba. Ukifunga koki, mlango huwa mzito na mfu, na wanaume wawili wakiuvuta watatoka jasho. Asubuhi ile aliifunga koki kwa mkono wake mwenyewe, akachukua kisanduku chake cha vifaa, akaelekea kwenye behewa la wanawake kukagua mlango wa tatu. Kabla hajaugusa, ukafunguka.

Haukufunguka kwa pupa. Ulifunguka taratibu, bila kelele, kama mtumishi aliyesikia hatua za bwana wake uani akatangulia kumfungulia. Kutoka gizani, kule kwenye upenyo wa ukuta wa behewa ambamo mlango hujificha ukiwa wazi, ikatoka harufu hafifu ya machinjio baada ya sakafu kumwagiwa maji.

Shehata alisimama. Akarudi kuitazama koki. Ilikuwa imefungwa. Akajiambia kwamba huenda upepo kidogo ulisalia bombani, akausukuma mlango urudi. Ulikwenda bila kumpinga. Ule mpira wa ukingoni, ambao kazi yake ni kuhisi mkono au mkoba uliobanwa ili mlango ufunguke tena, ulikuwa na joto chini ya vidole vyake, joto la sikio la mbuzi.

"Hata milango inakuogopa, fundi," sauti ilisema nyuma yake. "Au imesikia unavyomfokea binti yako."

Alikuwa Hilmi, fundi wa taa, mtu wa maneno mengi na meno machache. Karakana nzima ilijua kwamba mdomo wa Shehata ulikuwa moto wa makuti: huwaka ghafla, huzima ghafla, na ukishazima yeye mwenyewe hakumbuki alichosema. Alimlaani msumari uliopinda, chai iliyopoa, jirani, na zaidi ya wote binti yake wa pekee, Rawya, aliyempenda kuliko mboni za macho yake. Rawya alikuwa anamalizia masomo ya uuguzi, na alitaka kuolewa na Ramzi, kijana anayepiga ngoma kwenye harusi za watu. Kila jioni nyumbani kwa Shehata, kule Imbaba, majirani walisikia vita vya huyo Ramzi hadi ghorofa ya nne.

Treni ile ilikuwa mpya. Ilipoingia karakanani, mafundi walifanya kama baba zao walivyofanya kwa kila gari jipya na kila nyumba mpya: walileta kondoo dume, wakamchinja mbele ya magurudumu, wakachovya viganja kwenye damu ili wavipige chapa kwenye bati, kinga ya kijicho. Mhandisi alikuwa amekataza. Alisema rangi nyeupe ya serikali haipakwi damu. Barakat, msimamizi wao, alimpeleka mhandisi ofisini kwa hila ya chai, na wenzake wakamsukuma Shehata mbele kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa milango.

"Wahi, mzee, anarudi huyo."

Shehata akawa na mkono mwekundu na hana pa kuuweka. Akaona akiupiga nje utaonekana. Basi akauvuta mlango wa tatu wa behewa la wanawake, akapitisha mkono wa kulia ndani ya ule upenyo wa giza, akapiga kiganja upande wa ndani wa mlango, mahali pasipofika jicho la mtu wala mwanga wa jua. Kwa haraka ile, na mhandisi akikohoa mlangoni mwa karakana, hakulitaja jina la Mungu. Alipoutoa mkono aliufuta kwenye suruali, akacheka pamoja na wenzake, kisha wakala ile nyama na mkate na vitunguu.

Basi tangu hapo ndipo ule mlango ulipoanza kumjua.

Siku chache baada ya mlango kufunguka bila upepo, mafundi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakinywa chai, na Hilmi akawa na hamu ya kuchekesha. Akauliza kama siku ya harusi Shehata atacheza nyuma ya ngoma ya mkwewe, au atakusanya tuzo kwa sahani. Watu wakacheka. Hilmi akainuka, akapiga bati la sahani kwa vidole, akatikisa kiuno kama Shehata atakavyotikisa. Watu wakacheka zaidi. Shehata akaweka glasi chini.

"Mkono huo ukatike," alisema kwa sauti ya chini, "tupumzike na ngoma."

Hakuna aliyeshtuka, maana hayo yalikuwa maneno yake ya kila siku. Chai ikaisha, wakarudi kazini. Hilmi alipanda behewa la wanawake kubadilisha taa ya juu ya mlango wa tatu. Alishika ukingo kwa mkono wa kushoto ili ajiinue, na mlango ukafungwa.

Waliokuwa karibu walisikia kishindo kimoja, kisha cha pili. Hicho cha pili ndicho walichoshindwa kukielewa, kwa sababu mlango ukibana kitu hulegea na kufunguka, ndivyo ulivyoumbwa; huu ulifunguka, ukarudi kwa nguvu zaidi, ukafunguka, ukarudi, kama mtu anayekata mfupa mgumu kwa shoka butu, na kila uliporudi Hilmi alipiga ukelele mfupi zaidi. Shehata alipofika, mkono ulikuwa unashikiliwa na ngozi na kipande cha shati. Alipoinua tu mguu kukanyaga kizingiti, mlango ukafunguka wote, ukatulia. Hilmi akaanguka kifuani mwake akiwa mzito na amelowa damu. Naye Shehata, akiwa amemkumbatia, aliona kwa macho yake damu iliyotapakaa kwenye mfereji wa kizingiti ikivutwa kidogo kidogo kuelekea ule upenyo wa giza, kama maziwa yanavyovutwa na ulimi wa paka, hadi bati likawa safi.

Mhandisi alikagua, akaandika kwamba upepo ulizidi. Walibadilisha mabomba, treni ikarudishwa njiani. Hilmi aliokoka, mkono haukuokoka. Shehata hakusema alichokiona. Usiku huo alijiambia kwamba damu ya mwenzako hukuchanganya macho. Neno lake la benchini hakulifikiria hata kidogo.

Alilifikiria wiki iliyofuata, na wakati huo mtu alikuwa amekwisha kufa.

Alikuwa anarudi nyumbani kwa treni ileile, yeye akiwa behewa la pili, jirani na la wanawake. Kwenye kituo cha Saqiya watu walisongamana. Kijana mmoja mwenye mabega ya mchukuzi alikuwa anapenya kwa viwiko; akampiga kikumbo mama mzee mwenye kikapu cha ndimu, mama akaanguka, ndimu zikaviringika hadi relini. Kijana hakugeuka. Mlango wa behewa la pili ulipojaa, akakimbilia la wanawake, akaingiza kichwa mlango wa tatu huku wanawake wakimzomea. Shehata, aliyekuwa akichungulia dirishani, alisema moyoni, wala hakufungua mdomo: huyu angekabwa shingo.

Kengele ya kufunga haikulia. Pande mbili za mlango zilikuja pamoja, zikamkamata kijana chini ya kidevu, kichwa kikiwa ndani na mwili nje, naye akaanza kupiga bati kwa mikono miwili. Kwa kawaida taa ya kijani haiwaki mbele ya dereva mpaka milango yote imefungwa sawasawa, na bila taa hiyo treni haisogei hata upana wa kidole. Lakini taa iliwaka, dereva baadaye aliapa kwa msahafu kwamba iliwaka, na treni ikaondoka. Wanawake waliokuwa ndani walimvuta kwa kichwa wasijue wafanye nini na kichwa cha mtu, walio nje walimshika miguu wakakimbia naye mpaka sakafu ya kituo ikaisha, na Shehata, aliyekuwa akigongagonga kioo na kuita kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia, akasikia ukuta wa handaki ukipokea mwili, kisha mwanamke mmoja akaanza kulia kilio kisicho na pumzi, kwa sababu alikuwa amebaki ameshika masikio ya mtu.

Treni iliposimama kituo cha mbele, Shehata alishuka, akapita mbele ya mlango ule. Hakutaka kupita, lakini ngazi zilikuwa upande huo. Mlango ulifunguka alipokaribia. Ukajifunga nusu, ukafunguka tena, taratibu, ukimgusa bega kwa ule mpira wenye joto, kama mbwa anayekuonyesha panya aliyemuua.

Treni iliondolewa njiani, ikalazwa nyuma ya karakana. Shehata hakula. Mkewe, Insaf, ambaye hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili, alimtazama akilaza kijiko kwenye bakuli la mchuzi wa mlokhiya bila kuonja, akamwambia kesho hatakwenda kazini, watakwenda wote kwa Sheikha Tafida.

Sheikha Tafida alikuwa mama mnene mwenye pete kila kidole, aliyepunga majini ya wanawake wa mtaa kwa ngoma iitwayo zar tangu ujana wake. Aliwapokea mchana, dirisha likiwa wazi, paka watatu wakilala juani. Alimsikiliza Shehata bila kumkatiza. Akawasha ubani. Akamwambia amuonyeshe kiganja cha kulia, na alipokiona akakirudisha kwa ncha ya fimbo, hakukigusa.

"Mwanangu, wewe ulidhani unaweka kinga," alisema polepole. "Kinga huwekwa nje, palipo na jua, na jina la Mungu likitajwa. Wewe umeingiza damu kwenye giza, kimyakimya, na chapa ya mkono wako juu yake. Unajua hiyo ni nini?"

"Sijui, mama."

"Ni mkataba. Alikuwepo jini wa mle chini, kwenye mashimo yenu mnayochimba, ana njaa. Umemlisha, ukampa mkono. Amekubali kazi."

Shehata alimuuliza kwa mnong'ono ni kazi gani. Mama Tafida akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto anayeuliza jambo ambalo jibu lake analo mwenyewe.

"Anakutumikia. Unayemtaka aumie, anaumia."

Insaf alijifunika mdomo kwa mtandio. Shehata alisema kwamba yeye hakutaka, kwamba yalikuwa maneno tu, kwamba yeye tangu azaliwe huwalaani watu na kesho yake hunywa nao chai. Mama Tafida alijibu kuwa binadamu wenzake wamemzoea, lakini mtumishi huyu ni mgeni, hajui utani. Na asidhani kwamba anamsikia mlangoni tu. Anamsikia kupitia kile kiganja, popote kilipo.

Alimwelekeza la kufanya. Achukue chumvi na siki, aifute chapa ile kwa mkono uleule ulioiweka, alitaje jina ambalo hakulitaja, na aseme waziwazi kwamba anautaka mkono wake urudi. Hata hivyo kesho na keshokutwa hapana, kwa kuwa karakana imefungwa na polisi wanaochunguza. Basi asubuhi watakapofungua.

"Na mpaka hapo, funga mdomo," alisema akimtoa. "Usimkasirikie hata inzi."

Shehata alifunga mdomo. Alikaa kitandani uso ukiwa ukutani kama mgonjwa wa surua. Watoto walivunja taa ya ngazi kwa mpira, akanyamaza. Insaf aliunguza wali, akasema wali ni mtamu. Asubuhi ya siku ya karakana kufunguliwa ikawa pia sikukuu ya kunusa upepo, siku ambayo Kairo yote hubeba samaki wa chumvi, mayai ya rangi na vitunguu vya majani, ikaenda kujilaza kwenye bustani. Shehata aliamka mapema, akaweka chupa ya siki na kifuko cha chumvi mfukoni, akamkuta Rawya sebuleni amevaa gauni jipya, anafunga mayai kwenye kitambaa.

Alimuuliza kwa upole anakwenda wapi. Rawya alisema bustanini, na dada zake Ramzi.

"Na Ramzi mwenyewe?"

"Baba, bustani ni ya watu wote. Nitamfukuza vipi?"

Shehata alimwambia leo abaki, asipande treni, siku nyingine atampeleka yeye mwenyewe. Rawya, ambaye hakuambiwa lolote kwa kuwa wazazi wake walimficha, aliona ni vita vilevile vimevaa nguo mpya. Alimwambia baba yake kwamba amekaa ndani siku tatu akimnunia, na sasa anajitia upole ili amfungie. Alisema ana umri wa kutosha kujua mtu anayemtaka. Alisema Ramzi, pamoja na ngoma yake, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Kisha akachukua kitambaa chake cha mayai, akafungua mlango wa nyumba.

Ndipo moto wa makuti ulipowaka. Alitoa lile neno ambalo kila baba wa mji ule amemwambia binti yake, walio hai na walio makaburini, neno ambalo hakuna binti aliyewahi kuliogopa:

"Ukitoka hapo nitakuvunja miguu."

Rawya alitoka, akateremka ngazi kwa kelele za viatu. Shehata akabaki anahema. Ilikuwa hasira ya kila siku, na kama kila siku ikapoa kabla binti hajafika barabarani, wala hakukumbuka alichosema. Alikumbuka kazi yake tu. Akachukua gari hadi karakanani.

Barakat alikuwa getini, anakula yai. Shehata alipita bila salamu, akazunguka nyuma ya banda, akaona reli mbili tupu zikimeremeta juani.

"Iko wapi?"

"Sikukuu leo, mzee," Barakat alisema. "Mji mzima uko vituoni. Wamesema kila chenye magurudumu kitoke. Imetoka alfajiri."

Shehata alizitazama zile reli. Hapo ndipo neno la asubuhi lilipomrudia, si kama kumbukumbu bali kama sauti ya mtu mwingine iliyosema masikioni mwake polepole, kwa heshima, ikiuliza kama amesikia vizuri: miguu. Kiganja chake cha kulia kikapata joto.

Alimpigia Rawya, simu iliita, haikupokelewa. Alimpigia Insaf, akaambiwa msichana ameshaondoka na wale dada wa Ramzi, wanapandia Saqiya. Barakat aliona uso wake. Alimsukumia kwenye bajaji iliyokuwa getini akamwambia dereva aende asigeuke. Njia nzima Shehata alikaa ameubana mkono wa kulia chini ya paja, akirudia kwa sauti kwamba ameghairi, kwamba hakumaanisha, kwamba asiguswe, na dereva akawa anamtazama kwenye kioo. Kiganja kilizidi joto. Kilikuwa na furaha. Hakuna neno jingine. Kilikuwa na furaha kama ya mbwa anayesikia bwana anakuja.

Saqiya ilinuka samaki wa chumvi na kitunguu. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, watoto wakiwa mabegani, vyungu vimefunikwa kwa vitambaa. Alijipenyeza akiomba radhi kwa kila mtu, kwa maana aliogopa hata kumkasirikia anayemkanyaga. Alimwona Rawya mbali, pale wanaposimama wanawake, gauni jipya, anacheka na wasichana wawili. Alimwita. Wakati huohuo upepo wa handaki ulitangulia, taa mbili zikatoka gizani, na Shehata alizijua kabla hajaona namba ubavuni.

Treni ilisimama. Milango yote ilifunguka ila mmoja. Ule wa tatu wa behewa la wanawake ulisubiri mpaka Rawya, aliyesukumwa na umati, akawa mbele yake hasa, ndipo ukafunguka taratibu, bila kelele. Rawya akaingiza mguu wa kulia, akafuatisha wa kushoto, lakini ndani palikuwa pamejaa, akasukumwa nyuma akaanguka kitako nje ya kizingiti na miguu ikabaki ndani, na mlango ukafungwa juu ya magoti yake, ukafunguka, ukafungwa, kwa mwendo uleule wa shoka butu, na wasichana wawili waliomshika kwapa wakavuta huku wakipiga kelele, na kila walipovuta mlango uliuma zaidi, na mayai ya rangi yakasagika pamoja na mfupa, na mbele kabisa, mbele ya dereva asiyejua kitu, taa ya kijani ikawaka na treni ikaanza kwenda.

Shehata alikimbia. Hakujua umri wake, hakujua miguu yake. Aliufikia mlango ukiwa unamburura binti yake kwa mgongo sakafuni, na ulipomwona ukatetemeka kwa kumlaki. Hakuwa na muda wa siki wala chumvi. Aliusukuma mkono wa kulia ndani ya ule upenyo wa ukutani, hadi kiwiko, akapapasa kwenye bati la ndani akitafuta ile chapa, akaikuta: ilikuwa mbichi, bado inateleza, na ilimshika vidole. Akalitaja jina la Mungu kwa sauti yake yote. Akasema: "Niachie. Nautaka mkono wangu."

Ndani ya ukuta kitu kilinyamaza, kama mtumishi aliyefukuzwa mbele ya watu. Kisha kikachukua ujira wake. Mlango uliachia miguu ya Rawya, ukaruka kurudi ndani ya ukuta kwa nguvu zake zote, ukauchukua mkono wa Shehata kwenye kifundo, kati ya bati na bati. Alisikia mifupa midogo ikipasuka mmoja mmoja, kwa subira, kama mtu anayetafuna mbegu za maboga. Taa ya kijani ikazima. Treni ikasimama, na Shehata akaanguka chali kando ya binti yake, kigutu cha mkono kikimwaga damu juu ya gauni jipya.

Rawya aliishi. Mguu mmoja ulipona, wa pili ukabaki na chuma ndani, na kutembea kwake kukawa na mdundo ambao Ramzi husema ni mzuri kuliko ngoma zake zote. Mafundi waliifungua ile treni hadi msumari wa mwisho. Mkono hawakuukuta, wala chapa, wala tone. Bati lilikuwa kavu na safi. Barakat mwenyewe aliukata ule mlango kwa moto akaufukia jangwani, na Mama Tafida akapiga ngoma juu ya lile shimo siku nzima. Alisema amekwenda. Treni ile haikumuumiza mtu tena.

Watu wa Imbaba wakawa wanamtolea Shehata mfano. Walisema msiba humtengeneza mtu: tazama aliyekuwa akilaani hata chai, sasa hapandishi sauti, hakunji uso, akikanyagwa huomba radhi yeye. Aliwaozesha Rawya na Ramzi akitabasamu. Daktari alimweleza kwamba aliyekatwa mkono huendelea kuuhisi, ni mishipa tu, asiogope. Shehata alimshukuru. Hakumwambia kwamba yeye hahisi mkono uliokatwa. Anahisi mkono ulioshikwa: vidole vyake visivyokuwepo vimo ndani ya kiganja kingine, cha joto, kinachomwongoza kwa adabu kama mzee anayevushwa barabara.

Alasiri moja Rawya alikuja kuwasalimu, mjamzito, akakaa karibu naye kwenye roshani akimmenyea chungwa. Alikuwa na raha siku hiyo. Akamchokoza. Akamwambia kwamba ameamua mtoto akizaliwa atafundishwa ngoma kabla ya kusoma, na wakiwa na sherehe babu ndiye atakayekusanya tuzo kwa sahani.

Shehata alicheka. Lakini ndani ya kicheko, mbali, kikapita kitu kidogo, chembe ya cheche, hata hasira haikuwa bado.

"Nigombeze basi kidogo," Rawya alisema akiegemea bega lake. "Siku hizi hunigombezi, mpaka nahisi si baba yangu."

Chini ya kifundo, pasipo na kitu, vidole vyake vilibanwa mara moja, kwa upole, kama mtumishi anayeinama sikioni mwa bwana kumuuliza: huyu?

"Hapana," Shehata alisema.

Rawya aliinua uso. "Hapana nini, baba?"

Shehata alikuwa amegeukia upande wa mkono usiokuwepo, macho yamemtoka, akirudia kwa sauti ndogo, laini, ya mtu anayembembeleza mbwa mkali aliyelala: hapana, hapana, hapana, na ule mkono mwingine ukaendelea kumshika, ukisubiri kwa utii mpaka atakapochoka kukataa.